Betri Nne Chumbani kwa Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa anapachika zipu kwenye gauni la jirani yake. Mara pua ikamkatiza tena. Harufu ya yai viza! Hii ilikuwa siku ya nne. Alishafagia uvungu wa kabati. Alishamwaga takataka zote. Alishazishuku hata soksi za mumewe.

"Unanionea," alisema mumewe, aliyekuwa anakula. Alikuwa kinyozi, na mchana alikuja nyumbani kupumzika. "Soksi zangu zimefuliwa juzi."

Harufu ilitoka chumbani kwa mama mkwe. Huko ndiko walikoweka betri nne za sola, kwa kuogopa wezi. Mama alikuwa amevunjika mguu na alilala humo kutwa, kwa hiyo betri zilipata mlinzi wa bure. Fundi cherehani alizishonea foronya nene yenye pamba, zisiingie vumbi. Wageni waliisifu sana.

Aliingia, akaweka mkono juu ya foronya. Ilikuwa ya moto. Akafunua kona moja. Betri ya mwisho ilikuwa imevimba ubavuni.

"Baba watoto! Njoo uone!"

Kinyozi alikitazama kiboksi cha chaji ukutani. "Volti kumi na nne, na taa ya kijani inawaka. Betri nzima hizi. Wewe na hofu zako!"

"Nzima gani, zinanuka na kuvimba?"

"Wanangu," mama mkwe aliita kutoka kitandani, "nipeni kiberiti nichome udi. Harufu imenichosha."

Kinyozi akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti.

"Usiwashe!"

Ilikuwa sauti ya jirani mwenye gauni. Mtaa mzima ulimwita Mama Volti, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga na kutengeneza sola. Alikuja kuchukua gauni lake, harufu ikampokea mlangoni.

"Hiyo ni gesi ya betri," alisema. "Cheche moja tu, chumba kinalipuka. Mtoeni mama! Swichi za humu msiguse hata moja."

Wakambeba. Mguu wenye plasta uligonga mlango, mama akapiga kelele. Fundi cherehani hakumwachia. Mama Volti alizunguka nje ya nyumba, akazima swichi ya paneli iliyokuwa kwenye ukuta wa nje. Kisha akafungua madirisha na milango yote.

Wakakaa mbali na nyumba mpaka jioni, na usiku wakalala kwa Mama Volti. Bati la paa likilia kwa kupoa, wote walishtuka. Fundi cherehani hakuweza kumtazama mama mkwe usoni. Miezi minne alimlaza karibu na hatari, tena akaifunika kwa mikono yake.

Asubuhi harufu ilikuwa imekwisha na betri zimepoa. Mama Volti alivaa glavu na miwani. Akazifungua nyaya, akazitenganisha betri zote nne.

"Sasa tunaziacha zipumzike saa chache," alisema. "Bila chaji, bila taa."

"Lakini jana kiboksi kilisoma kumi na nne," kinyozi alijitetea.

"Jua lilikuwa kali, shemeji. Ulisoma nguvu inayotoka kwenye paneli. Afya ya betri hukuiona. Halafu betri zako zimeungwa pamoja, kwa hiyo zote zinasoma namba moja. Mgonjwa anajificha kati ya wazima. Ukitaka kumjua, pima moja moja."

Adhuhuri akazipima. Ya kwanza ilisoma kumi na mbili nukta sita. Ya pili vilevile. Ya tatu kumi na mbili nukta tano. Ile iliyovimba ilisoma kumi nukta nne.

"Huyu hapa," alisema Mama Volti. "Lakini namba nzuri peke yake haitoshi. Betri ipe kazi uone."

Akaunga taa ya gari kwenye kila betri, moja baada ya nyingine. Zile tatu ziliwasha taa kwa robo saa bila kutetereka. Ya nne iliwasha kidogo, taa ikafifia, ikazimika.

"Ndani ya betri kuna vyumba sita," alieleza. "Kimoja hapa kimekufa. Betri hii haijai kamwe. Chaji inamiminwa tu, nayo inachemka na kutoa gesi."

"Na mimi nikaifunika," fundi cherehani alisema, machozi yakimlengalenga.

"Foronya ilizidisha joto. Betri inataka hewa, shoga."

Betri mbovu ikapelekwa kwa wanaokusanya betri kuukuu. Zile tatu ziliwekwa kwenye kibanda cha nje chenye wavu na kufuli, kila moja mbali kidogo na mwenzake. Kinyozi alitaka kununua moja mpya ajazie pengo. Mama Volti akamkataza, kwa kuwa betri kuukuu huiharibu mpya. Wakapunguza matumizi, wakawa wanazima televisheni mapema. Tena kila mwezi kinyozi alizipima moja moja, alfajiri, kabla jua halijagusa paneli.

Siku waliyomrudisha mama chumbani, mama alimshika mkwewe mkono.

"Mwanangu, harufu ile niliinusa kabla yenu, kichwa kikaniuma wiki mbili. Nilinyamaza. Niliogopa mtasema kizee kimeanza kulalamika."

Fundi cherehani alilia waziwazi. "Mama, ukinusa kitu, niite. Hata kama ni kitu kidogo. Usininyamazie tena."

Siku ya tatu, sauti ya mama ilipasua nyumba. "Mwanangu! Njoo upesi!"

Fundi cherehani alitupa mkasi, akakimbia, akafika akihema.

"Nini, mama? Unanusa nini?"

"Sinusi kitu," mama alisema, akajifunika shuka vizuri. "Nimeona nikuambie."