Magugu ya Mama Fagio

Majirani waliniita Mama Fagio, na jina lile nililipenda. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani yangu, nilifagia uwanja. Kisha nilishuka kufagia mteremko wote ulio nyuma ya nyumba. Jani likianguka, nililiokota. Mmea ukichipua bila kupandwa na mimi, niliung'oa na mizizi yake. Magugu yote niliyatupa ng'ambo ya uzio, kwa wifi yangu.

Wifi ni mwalimu wa chekechea, dada wa pekee wa mume wangu. Baba yao alipofariki, waligawana kilima. Sisi tukapata upande wa kushoto, yeye wa kulia. Kilima ni kimoja na mchanga ni ule ule. Lakini mteremko wake ulikuwa wa kijani, na wangu ulikuwa kipara.

"Bustani ya wifi yako inapendeza!" alisema mteja mmoja, akichungulia dirishani.

Nilikuwa nampima kiuno. Nikavuta futi.

"Taratibu, fundi! Unanibana!"

Sitaficha: kijicho kilinila. Wifi akiimba, roho iliniuma. Akinyamaza, nilijiuliza anafurahia nini kimyakimya.

Kilichonitisha zaidi ni chumba cha mama mkwe. Kiko nyuma, ukingoni mwa mteremko. Kila mvua iliponyesha, mchanga uliporomoka. Msingi wa chumba ukabaki wazi, hata niliweza kupitisha mkono chini yake.

Siku moja wifi alikuja, akaukagua ule msingi.

"Wifi, mvua kubwa zikikaribia na hali iko hivi, mama namchukua," alisema. "Sitangoja ukuta umwangukie."

"Mama yuko kwangu miaka minane. Amelalamika?"

"Hajalalamika. Ila mama ni wangu."

Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani huja mara moja kwa mwezi. Mama ndiye mwenzangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Aende kwa wifi? Bustani awe nayo, na mama pia awe naye? Haiwezekani!

Nikakimbilia mjini. Nikanunua nyasi za mapambo, zile fupi za kijani. Nikalima mteremko wote, nikazipanda kila mahali. Ziling'aa kwa wiki mbili. Mvua moja tu ikazibeba zote hadi barabarani.

"Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao," mama alisema, akicheka.

"Mbachao wangu ni upi, mama?"

"Hilo kamuulize bibi shamba. Mimi najua kushona tu."

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo letu, alikuja keshoyake. Ni mwanamke mnene mwenye buti za mpira. Alichota mchanga kiganjani, akamwagia maji kidogo. Mchanga ukateleza wote.

"Mchanga hauna gundi," alisema. "Gundi yake ni mizizi. Hapa mizizi iko wapi?"

"Nimeng'oa. Ilikuwa magugu."

"Na majani makavu?"

"Nimefagia."

"Mama, umeuvua mteremko nguo, halafu unashangaa kwa nini mvua inauchapa! Na nyasi ulizonunua zina mizizi mifupi, tena zinataka maji kila siku. Hebu niambie, hapa palikuwa panaota nini chenyewe?"

Nikamtajia. Nyasi ngumu za vishada zinazokata vidole. Mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau. Kichaka kifupi chenye majani mazito.

Akanishika mkono hadi kwenye uzio. "Kama ile?"

Nilitazama bustani ya wifi. Mwaka mzima nimeitazama kwa hasira, kumbe sijawahi kuiona. Nyasi za vishada, ua la zambarau, kichaka cha majani mazito. Yote yalikuwa magugu yangu!

"Mwaka jana nilimfundisha yule mwalimu," alisema bibi shamba. "Akaniambia miche anapata bure. Kuna mtu anamtupia."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Hiyo ni mimea ya asili ya hapa," aliendelea. "Jua letu na mchanga wetu imevizoea. Nyasi hushika juu, kichaka hushika chini, na kinachotambaa hufunika. Ipande kwa mistari inayokata mteremko, siyo inayoshuka nao. Mche wa mstari wa pili ukae kwenye nafasi iliyoachwa na mstari wa kwanza. Usilime kilima chote, chimba mashimo madogo tu. Katikati tandaza majani makavu. Mwagilia mpaka mizizi ishike. Maji ya bati yasimwagike hapa, yakinge kwenye pipa. Na msingi mwite mwashi aujaze mawe. Mimea hushika mchanga, haibebi ukuta."

"Miche nitaipata wapi?"

Akanyoosha kidole ng'ambo ya uzio.

Jioni ile nilibisha hodi kwa wifi.

"Wifi, nimekuja kuomba yale magugu yangu."

Hakucheka. Alikaa kizingitini, akainamisha kichwa.

"Nilijua dawa tangu mwaka jana," alisema. "Sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Kila jioni nawasikia wewe na mama mnacheka kwenye cherehani. Mimi narudi kazini, nyumba ni tupu. Nikasema, chumba kikiharibika, atakuja kwangu. Nilikuonea wivu, wifi."

Hasira zilinipanda, kwa sababu ukuta ungeweza kumuua mama. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti. Akalia. Nami nikalia, maana nilikuwa nimefika pale na wivu wangu mwenyewe.

Keshoyake, manyunyu ya kwanza yalipoanza, tulishuka sote wawili na majembe. Wifi aligawa nyasi zake, akakata vipande vya ule mmea unaotambaa. Mwashi alijaza mawe kwenye msingi. Mama alikaa dirishani akitusimamia.

"Mstari umepinda!" alipiga kelele. "Pindo gani hilo?"

Mvua kubwa zilikuja baada ya miezi miwili. Zilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nilitoka mbio kwenda nyuma. Maji yalishuka polepole kati ya mashina, na mchanga ulikuwa mahali pake. Msingi haukuonekana hata kidogo. Ndani, mama alikuwa anakoroma.

Mvua zilipokatika, mama alisema anataka kwenda kumtembelea binti yake siku tatu. Nilimbebea mkoba, nikajikaza. Siku tatu zile nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Kila kicheko kilichotoka ng'ambo ya uzio kilinichoma.

Siku ya nne nilikwenda kumchukua. Mama alikuwa anakunja kanga zake. Wifi alisimama mlangoni, akitazama ule mkoba unavyojaa.

Nilizichukua zile kanga mikononi mwa mama, nikazirudisha kitandani.

"Kaa mpaka Jumapili, mama," nilisema. "Cherehani haina haraka."