Malalamiko ya Mawakili Kumi na Mmoja

Jumatatu asubuhi masjala ya mahakama hufurika watu mpaka mlangoni, na hapo ndipo fundi cherehani alipogongana na karani. Fundi kabeba majoho ya mawakili, karani kakumbatia mafaili. Vyote chini. Karani alivaa gauni la bluu lililomkaa vizuri, isipokuwa begani.

"Aliyekushonea bega hili alikuwa na haraka," fundi akasema huku akiokota.

"Na aliyekufundisha kutongoza alikuwa na haraka zaidi."

Basi, wakapendana. Miezi minane, kila mchana simu, laazizi huku, mpenzi kule.

Kisha karani akapata nafasi ya kusomea sheria. Miaka minne, na jibu lilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Nisaidie kupima, mpenzi. Niende, nisiende?"

Fundi wa watu akajipa kazi. Kila wakili aliyekuja kupimwa joho, yeye alimuuliza habari za uwakili, kisha akampigia karani kumweleza: usingizi haba, majaji wakali, wateja waongo, mgongo. Kumi na mmoja, wote kilio.

"Kwa hiyo hutaki nisome," karani akasema.

"Sijasema hivyo, jamani."

"Unaogopa kuoa wakili." Akakata simu. Siku tatu hakupokea, na usiniulize nani aliumia zaidi.

Alhamisi fundi akamfuata masjala, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, foleni nzima ikimtazama.

"Nimekosea. Mtu akisimama kupimwa hulalamika tu, ndivyo walivyo wateja wangu. Nimewapigia simu wote, nikawauliza kama wangeacha kazi."

"Wakasemaje?"

"Hakuna hata mmoja. Yule mama aliyelalamikia mgongo alinicheka. Juzi kamtoa rumande kijana aliyesahaulika humo miaka miwili. Anasema wiki nzima mgongo haukumuuma."

Faili la kijana yule karani alilijua. Kila kesi ilipoahirishwa aligonga muhuri yeye mwenyewe, roho ikimuuma, na zaidi ya muhuri hakuwa na la kufanya.

"Na wewe huogopi?" akauliza taratibu.

"Naogopa utaniona mdogo. Lakini nenda. Ila nenda ukiwa mchumba wangu."

Karani akatoa fomu ya chuo, akaanza kuijaza palepale kaunta, machozi na tabasamu pamoja.

"Wanauliza hali ya ndoa. Niandike nini?"

"Andika hujaolewa," fundi akasema, "kwa sasa."

Akaandika hivyo hivyo, pamoja na ile "kwa sasa".