Jicho Lililofunguliwa Mchana

Jumatano, tarehe 18 Septemba 2019, saa tatu na dakika kumi asubuhi, injini ya pikapu ilizimika katikati ya njia ya udongo, na maji yakaanza kuingia kupitia chini ya milango. Walikuwa ndani ya msitu wa bonde la mto Trinity, kaskazini mashariki ya Houston. Simu zao zilikuwa zimepoteza mtandao tangu walipoiacha lami.

Nicodème alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikanyamaza.

"Usiwashe tena, shemeji," alisema Mwatumu. "Imekunywa maji."

"Gari la Alief hili, la mtaani Houston. Limezoea foleni, halijazoea mito."

Mwatumu alitazama nyuma. Mahali walipopita dakika chache zilizopita, kwenye bonde la njia, maji ya kahawia yalikuwa yanakimbia na matawi mazima. Mbele, ramani ya karatasi ilionyesha mwinuko mdogo wenye miti ya mialoni, chini ya kilomita moja. Sanduku alilolifuata lilikuwa hapo hapo. Hapakuwa na la kujadili.

Mwatumu alikuwa Mtanzania, mkazi wa Mansfield, kusini magharibi ya Dallas, katika mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu. Alichunguza aurora, yale mapazia ya mwanga yanayopepea angani karibu na ncha za dunia. Siku mbili kabla, yeye na mwenzake Isack walirusha puto kujaribu chombo, ndilo sanduku hilo, ambacho kingepanda kwa roketi huko kaskazini ya mbali mwezi Januari. Upepo wa juu ulilisukuma puto kupita hesabu zao, likaangukia msituni. Chombo kilikuwa kimoja tu, na nafasi kwenye roketi ilikuwa moja. Kikipotea, utafiti wake ungekosa majira ya baridi pekee uliyokuwa umepewa. Nicodème, Mrundi anayefanya kazi kwenye ghala mjini Houston, alikuwa mume wa Clothilde, aliyewahi kukaa chumba kimoja na Mwatumu alipofika Marekani. Nicodème ndiye mwenye pikapu.

Kila asubuhi Mwatumu alisoma utabiri wa upepo wa jua, ule unaowasha aurora. Asubuhi hiyo pia aliusoma: ulikuwa shwari. Utabiri wa mvua hakuusoma. Dhoruba Imelda ilikuwa imeingia pwani jana yake, na yeye, aliyejua kinachoendelea kilomita mia moja juu ya kichwa chake, mawingu aliyapima kwa kuchungulia dirishani.

Walishuka. Maji yaliwafika mapajani, ya uvuguvugu, yakinuka majani yaliyooza. Mwatumu alitangulia, akipima kina kwa fimbo. Nicodème alibeba mkoba wenye chupa mbili za maji ya kunywa, mikate na kisanduku cha huduma ya kwanza.

"Hilo sanduku linaona nini huko juu?" aliuliza.

"Linahesabu mwanga wa kijani. Chembe ndogo za umeme zinatoka juani, zinagonga oksijeni. Oksijeni ikigongwa haiwaki papo hapo. Inasubiri karibu sekunde nzima, ndiyo inatoa mwanga."

"Inasubiri nini?"

Mwatumu alisimama. Hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Haisubiri kitu. Inachelewa tu. Huku chini hewa imebanana, inasukumwa na wenzake kabla haijawaka. Kule juu ina nafasi, ndiyo maana tunaiona."

"Bon, nimeelewa. Ni Clothilde siku ya misa. Ukimsukuma, hatoki kabisa."

Alikuwa bado anacheka alipoweka mkono kwenye gogo na kuinua mguu alivuke. Nyoka mnene mweusi aliteleza kutoka upande wa pili. Mwatumu aliuona mdomo ukifunguka, mweupe ndani kama pamba, kisha maji yakaufunika. Nicodème hakupiga kelele. Alisema tu, "Ameniuma," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa.

Walifika kwenye mwinuko akiwa ameegemea bega la Mwatumu. Palikuwa na ukubwa wa sebule, mialoni mitatu na matope. Parachuti ilikuwa imenasa kwenye tawi la chini, na sanduku jeupe lilining'inia usawa wa kifua. Taa yake ndogo iliwaka, ikazima. Bado lilikuwa hai.

Mwatumu alimkalisha Nicodème, akamvua kiatu, akakata mguu wa suruali. Matundu mawili juu ya kifundo, na ngozi iliyokwisha kuwa ya zambarau. Hakukata kidonda, hakufunga kamba. Aliosha kwa maji ya chupa, akachukua kalamu ya wino mzito na kuchora mstari pale uvimbe ulipoishia, akaandika saa pembeni.

"Unaniwekea alama kama mzigo wa ghala," alisema Nicodème.

"Nataka kujua unakwenda kasi gani."

"Miaka yote tunakuita Daktari. Leo ndiyo ningependa uwe daktari wa kawaida."

Mwatumu aliikata parachuti, sanduku likabaki likining'inia tawini kwa kamba yake, akaifunga kati ya miti miwili iwe paa, na kona moja akailegeza ili mvua ikusanyike. Maji ya kunywa yakawa ya kutosha. Mambo mengine yalizidi kuharibika. Alipochora mstari wa tatu, uvimbe ulikuwa umekaribia goti, na Nicodème alitapika mara mbili. Fimbo aliyoichomeka ukingoni ilikuwa imezama nusu.

Simu ya Mwatumu ilikuwa imekufa kwa maji. Ya Nicodème ilitafuta mtandao hadi ikazima. Isack alikuwa Mansfield mbele ya kompyuta, lakini walikwisha kumwambia asitegemee simu yao mpaka kesho.

Taa ya sanduku iliwaka, ikazima.

Mwatumu aliitazama. Kila dakika tano sanduku lilituma ujumbe mfupi kwa setilaiti, na ujumbe ulifika kwa Isack: mahali lilipo, joto la ndani, na hesabu ya mwanga. Mahali hapakuwa pamebadilika. Kulisogeza kwenye mwinuko mdogo kama huo kusingemwambia mtu chochote. Joto lilipimwa katikati ya povu zito, na kiganja chake hakikulifikia. Ikabaki hesabu ya mwanga.

Jicho la chombo lilikuwa mrija wa kioo, uliotengenezwa kuhesabu mwanga hafifu kiasi kwamba lilifunikwa na kifuniko cheusi tangu maabara. Ndani yake ulipita umeme wa volti elfu moja. Kompyuta ya kuuzima ilikuwa kwenye pikapu, chini ya maji. Kuchomoa betri kungelinyamazisha sanduku, na Isack angesema betri imekwisha. Kufungua kifuniko mchana, umeme ukiwa unapita, kulikuwa ni kuliua jicho.

"Unawaza nini?" aliuliza Nicodème. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Alimweleza.

"Hicho ndicho ulichokifuata huku, shemeji."

"Ndicho."

"Kingine hakuna?"

"Hakuna." Alikuwa amekwisha kuchukua ufunguo wa pikapu na kuutia kwenye skrubu ya kwanza.

Tatizo lilikuwa Isack. Alikuwa na msemo wake maabara: nukta moja ni uchafu kwenye skrini. Akiona mwanga mara moja, angeandika kwamba kifuniko kimepasuka. Ilibidi aone kitu ambacho ajali haiwezi kukifanya. Mwatumu aliamua: ujumbe mmoja wa mwanga, mmoja wa giza. Miwili ya mwanga, mmoja wa giza. Kisha mitatu.

Alipoondoa kifuniko, mwanga wa kijivu wa mchana uliingia kwenye kioo. Hakikutoa sauti, wala moshi. Taa iliwaka, ikazima. Alifunika kwa kitambaa chake cha kichwa kilichokunjwa, akakikandamiza kwa kiganja, akasubiri. Katikati ya woga alijikuta anajiuliza jicho lingedumu mara ngapi. Hakuna aliyewahi kulijaribu hivyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu.

Alimaliza mfululizo wote, akafunika, akarudi kwenye mguu. Mstari mpya ulipita juu ya goti.

"Ameona?" aliuliza Nicodème.

"Sijui."

"Kisia."

"Sina cha kukisia nacho."

"Basi nidanganye, mtu wangu."

Mwatumu alifikiri. "Ameona," alisema, na lilikuwa jambo la kwanza siku hiyo alilolisema bila ushahidi. Kisha akamshika mkono, akaendelea kuushika.

Maji yalikuwa yameingia chini ya parachuti waliposikia injini. Boti bapa la bati lilipenya kati ya miti, na ndani yake wanaume wawili waliovaa makoti ya njano. Mmoja alikagua mguu, akasoma mistari na saa zilizoandikwa, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza waondoke sasa hivi. Walimlaza Nicodème kwenye sakafu ya boti. Mwatumu alipanda wa mwisho, na sanduku likabaki mtini mpaka mmoja wa wale wanaume alipolinyooshea kidole. Ndipo alipokumbuka kulikata kamba.

Jioni, kwenye korido ya hospitali mjini Houston, aliazima simu ya muuguzi.

"Jicho limekufa?" aliuliza Isack.

"Wewe ndiye mwenye namba. Niambie."

"Ilikuja moja. Nikaandika kifuniko kimepasuka."

"Nilijua."

"Halafu giza, halafu mbili. Nikachukua simu. Ofisi ya polisi wa kaunti wakaniuliza nani yuko hatarini, nikawaambia mahali napajua, mtu simjui, nendeni."

"Hukusubiri tatu?"

"Sikusubiri. Na zile tatu hazikutimia, Mwatumu. Zilikuja mbili nyingine, kisha sifuri, kisha sifuri mpaka sasa."

Kwa hiyo jicho lilidumu mara tano. Mwatumu alitafuta kitu cha kuandikia, akaacha. Alimwuliza Isack kama amekula, swali ambalo hakuwahi kumuuliza kwa miaka minne.

Dawa ya sumu iliingia mwilini mwa Nicodème usiku kucha. Clothilde alifika kutoka Alief alfajiri, viatu mkononi. Mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, unang'aa, na daktari alisema wazi kwamba hakujua kama mishipa ya wayo ingepona.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika mbili asubuhi, daktari alimwambia Nicodème asukume wayo dhidi ya kiganja chake. Wayo haukusogea. Alimwambia ajaribu tena. Kidole gumba kilijikunja, kikanyooka.