Besi ya Kaijage

Haya yalimpata rafiki yetu Byabato, fundi redio wa Nshamba. Ninayasema kama alivyonisimulia. Mengine anayajua Mungu.

Baada ya kumzika mume wangu, Kaijage, nilimpelekea Byabato redio mbili za kaseti za marehemu, za zamani, za aina moja, zote mbovu. Nilitaka moja tu ipone. Sauti ya Kaijage ilibaki kwenye kaseti ya kwaya yetu peke yake. Alikuwa akiimba besi.

"Mama Hellen, spea za hizi zimeshatangulia mbinguni," alinitania.

"Basi ziombee zirudi."

Aling'oa bodi ya redio moja akaipandikiza kwenye nyingine. Ile iliyobaki ganda na spika akaiweka rafuni.

Mchana mvua ilinyesha, akafunga mlango na kujaribu ile kaseti ya kwaya niliyomwachia. Soprano zilisikika, alto, na teno. Besi haikuwepo. Alizungusha swichi za sauti, akakaza waya. Haikuwepo.

Kisha umeme ukakatika. Duka likawa giza, kaseti ikasimama, ikabaki mvua juu ya bati. Na nyuma yake besi ikaendelea peke yake, taratibu, ubeti uleule.

Byabato alipapasa hadi rafuni, akaweka kiganja kwenye spika ya lile ganda lisilo na bodi wala waya. Ilikuwa ikitetemeka.

Ubeti ukaisha, spika ikatulia. Alipotaka kuondoa mkono, alihisi vidoleni hewa ikivutwa ndani, kama avutavyo mwimbaji kabla ya ubeti unaofuata.