Ulezi wa Ringwani

"Uji umeingia mchanga. Uchuje kabla ya mpaka wa Sirari."

Sauti ya Godwin, mkuu wake aliyeitwa Nyati redioni, ikakatika. Boke akavuta mafuta. Pikipiki yake, Honda XL, ikanguruma, vumbi la Ringwani likabaki nyuma.

Mbele, Scania tatu nyeupe zilielekea daraja la Mto Mara. Zote zilibeba ulezi, sadaka ya akina mama wa Ringwani kwa watoto wa vita vya Sudan Kusini. Moja ilibeba pia risasi za kwenda vita hivyo hivyo. Jamani, binadamu!

"Lori lipi, Nyati?"

"Hatujui. Ukizuia yote, mzigo wote unakuwa ushahidi. Utalala bohari mpaka uote kuvu."

"Na watoto?"

Godwin akazima redio.

Boke aliwajua watoto wale. Alipokuwa askari wa kulinda amani huko, binti mmoja aitwaye Abuk alimshika kidole siku mama yake alipopigwa risasi. Hakukiachia mpaka jioni. Boke alimwahidi uji wa ulezi wa kwao Ringwani. Njaa haina baunsa, na Abuk alikuwa akiisubiri ahadi ile.

Akayapita malori. Akaegesha Honda katikati ya daraja, akatoa kitambulisho cha kamati ya misaada.

Dereva wa kwanza, mzee Oduol, alikuwa na haraka. "Binti, usituchelewesh​e. Watoto wanangoja." Wa pili, Mniko, Boke alisoma naye. Wa tatu alikuwa kijana mcheshi, leseni yake safi, Kikurya chake kimenyooka.

"Mimi Nikolaus. Nimeoa kwa mama Waisiko, pale Ringwani."

"Mama hajambo?"

"Mzima kabisa. Asubuhi tumekula naye ugali, sahani moja, tunacheka."

Boke akatabasamu.

Mkwe gani huyo? Mkwe wa Kikurya akimwona mama mkwe njiani anapisha vichakani kwa heshima. Kula naye sahani moja? Hata mlevi wa Nyansurura hathubutu. Waliomfundisha huyu majina na lugha walisahau kumfundisha aibu.

Mkono wa kijana ukashuka chini ya kiti. Wa Boke ulitangulia. Glock ikamgusa sikio.

"Itoe polepole, mkwe."

Bastola ikaanguka darajani.

Magunia ya juu yalikuwa ulezi. Ya chini yalijaa risasi.

"Ulezi uliokuwa huku chini uko wapi?"

"Tuliumwaga mtoni," kijana akasema, kama mtu aliyemwaga maji ya kunawa.

Boke alimfunga pingu, kisha akaegemea tairi akalia. Ndiyo, jasusi alilia, na atakayecheka acheke.

"Nyati, mchanga nimeutoa. Njoo umchukue dereva. Malori mawili yanapita."

"Vizuri. Nikolaus wa kweli tumempata amefungwa kamba porini. Yu hai."

Oduol na Mniko wakaondoa malori bila kupiga honi.

Siku kadhaa baadaye simu ililia. Alikuwa Akinyi, muuguzi wa kambi ya akina Abuk.

"Dada Boke, ulezi umefika. Wamekunywa uji, wengine wamelamba mpaka vikombe."

"Abuk je?"



"Tulimzika juzi, dada. Kila siku alikuwa ananiuliza uji wa kwenu una rangi gani."

Boke alitaka kusema ni wa kahawia. Akakata simu.

Alipopita Ringwani, mama Waisiko alikuwa anaanika ulezi mwingine juu ya turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule mtoto wako uliyemwahidi uji, alikunywa?"

Boke akautazama ulezi ule mwekundu.

"Wamekunywa, mama. Wengi."

Mama Waisiko akachota ulezi kwa viganja vyote viwili, akaumwaga ndani ya gunia jipya lililokuwa wazi miguuni pake.

"Basi waliobaki nao wanangoja," akasema. "Lori linakuja lini?"

"Ijumaa. Nitalisindikiza mwenyewe."

Boke akavaa helmeti, akashusha kioo chake cheusi, akawasha Honda.