Vidole vya Jikoni kwa Pettigrew

"Mama, mbona tofali linapumua?"

Ni mtoto wa mgeni mmoja aliyeuliza. Mama yake alikuwa akihangaika na simu apate picha nzuri ya kidole cha mtoto kilichozama kwenye kishimo cha tofali, na Keturah, mwongoza wageni, alikuwa na sentensi moja ya kumalizia.

"Alama hizi ni za vidole vya watoto waliokuwa wakicheza na udongo."

Wakicheza! Harlow Bend ni mji mdogo wa Alabama unaoishi kwa wageni, na kila kivutio chake, kuanzia bustani za maua hadi kanisa la zamani, kina uongo wake. Lakini huu wa jiko la matofali nyuma ya jumba la akina Pettigrew, matajiri waliomiliki watumwa, ndio uliomkaba Keturah. Bibi wa bibi yake alizaliwa mtumwa pale pale. Watoto wadogo kama yule wa kwenye picha walishinda juani wakigeuza matofali mabichi yakauke, na aliyebonyeza sana alichapwa. Keturah alijua. Alisema "wakicheza" kwa sababu Bi Lorraine, mkurugenzi wa jumba, ndivyo alivyoagiza.

Siku ile alipomeza mate, alihisi mchanga kwenye meno.

Halafu ikaja harufu, udongo mbichi kwanza, kisha nywele zinazoungua, kama mtu kainamia tanuru la matofali, mchana kweupe, wageni wakisifia maua. Kila aliposema "wakicheza" ulimi ulizidi kuwa mzito, na Pasaka ilipofika alikuwa akitema udongo mwekundu kwenye sinki, huku nyuma ya ukuta viganja vidogo vikipigapiga, pa, pa, pa, bila wimbo, bila kicheko.

Alimwendea Bi Ozella, kikongwe wa kanisani kwao ambaye watu humfuata kimyakimya maombi ya mchungaji yakishindwa.

"Na bado unalisema hilo neno?" Bi Ozella aliuliza.

"Nisiposema wananifukuza. Nitakula nini?"

"Udongo, naona umeshaanza."

Bi Ozella akaja na kundi la wageni, kofia yake ya Jumapili kichwani. Akaweka sikio ukutani.

"Nimewatoa pepo wengi majumbani mwa watu," alinong'ona. "Huyu mtoto simtoi."

"Kwa nini, mama?"

"Mvamizi ndiye anayetolewa, mwanangu. Huyu yuko kwake. Nyie ndio mnamwingilia, tena kwa tiketi."

"Kuna tatizo, wapenzi?" Bi Lorraine alikuwa mlangoni, na sauti yake ya asali. "Keturah, mpenzi, waeleze wageni wetu."

Keturah alifungua mdomo aseme lile neno na udongo ukapanda, ukajaa mashavu, ukaziba koo, ukasukuma puani, na viganja ukutani vikaenda mbio, pa-pa-pa-pa, na wageni wakadhani ni kikohozi, na giza likaanza kumwingia machoni, mpaka akatema donge jekundu sakafuni na kupiga kelele:

"Hawakuwa wakicheza! Walikuwa watumwa! Walichapwa kwa ajili ya hivi vishimo!"

Viganja vikanyamaza. Pumzi ikapita kooni mwa Keturah, nyepesi.

Bi Lorraine akacheka. "Msameheni, joto limempanda kichwani. Tazameni, mchezo tu wa watoto," akasema, akatia kidole kwenye kishimo, na kicheko kikamkatikia mdomoni kwa sababu tofali lilijifumba, likabana kama kiganja kinavyobana kiganja, akavuta, akaegemea nyuma, akavua viatu akasukuma ukuta kwa mguu, na ile harufu ya nywele ikajaa jiko zima.

"Sema kweli, litakuachia," Bi Ozella alimwambia kwa upole.

"Kweli gani? Walikuwa wakicheza!"

Kidole kilichomoka kwa nguvu. Ncha yake ilikuwa nyekundu, ngumu, haina mstari hata mmoja wa ngozi, imeiva kama kitu kilichotoka tanuruni.

Alasiri hiyo Keturah alifukuzwa kazi. Bi Lorraine siku hizi huvaa glavu. Kuna mwongoza wageni mpya, binti mchangamfu, na maneno ni yale yale, na lile tofali lina joto hata siku za baridi, kishimo chake kimezidi kwenda ndani.

Ukifika Harlow Bend, ukaambiwa walikuwa wakicheza, nakuomba, usitie kidole.