Maji Yaliyochelewa Kutikisika

Kila siku kabla ya saa kumi jioni, Jocelyne aliweka beseni la maji barazani kwao Manika, akasubiri. Mlipuko wa mgodini ulipotikisa ardhi na maji yakacheza, aliandika saa, dakika na sekunde. Gael alifanya vivyo hivyo kwao Dilala, upande mwingine wa mji wa Kolwezi.

Wazo lilikuwa la mwalimu wao, Madame Tshibola. Mbali sana angani, aliwaeleza, mashimo meusi mawili, kila moja zito kuliko mamilioni ya majua, huzungukana na kutikisa anga lenyewe. Mitikisiko hiyo huitwa mawimbi ya mvutano. Ili kuitambua, wanasayansi hufuatilia kwa miaka mingi nyota zinazotoa mapigo kama saa, wakitafuta mapigo yaliyowahi au kuchelewa kidogo mno. Mabeseni yao yangekuwa mfano wa nyota hizo.

Ijumaa Madame aliyalinganisha madaftari yao. Yalipatana, ila Jumatano na Alhamisi: kwa Gael mlipuko ulichelewa sekunde arobaini, kwa Jocelyne haukuchelewa hata kidogo.

"Gael alisinzia, kisha akatunga," mwanafunzi mwenzao Louis akacheka.

"Beseni yangu haina akili ya kudanganya," Gael akajibu.

"Kesho wazazi watakuja kuona kazi zetu," Madame alisema. "Gael, kama ulitunga, nitaiondoa kazi yako."

"Mi sikutunga, Madame."

Jocelyne akalitazama daftari lake. Jumatano hata kwao maji yalichelewa. Akadhani amekosea yeye, akaandika saa ya jana yake. Alhamisi yalichelewa tena, naye akaogopa kuonekana mzembe, akaandika uongo tena. Sasa Gael alikuwa akilikunja daftari lake.

"Madame," alisema, "ni mi niliandika uongo. Hata kwetu maji yalichelewa."

Louis akainamisha kichwa.

"Na mi nilishaanza kugombeza beseni bure," Gael akanong'ona.

"Yalichelewa sekunde ngapi?" Madame akauliza.

"Sikumbuki vizuri. Labda arobaini, kama za Gael."

"Basi futa, uandike 'sikumbuki'. Usitunge mara ya pili."

Jocelyne akafuta, akaandika. Madame akayabandika madaftari yote mawili ukutani, kisha akamshika bega.

"Nyota moja ikichelewa, mwanangu, huenda kasoro ni yake. Nyingi zikitikisika kwa mpangilio mmoja, ndipo tunajua kuna kitu kikubwa kimepita. Gael aliona kweli, ila ulimwacha peke yake. Kesho ukiona namba inayokutia aibu, hiyo ndiyo uiandike."

"Ndiyo, Madame," Jocelyne akajibu.